Wanorthumbria walipotelea wapi? Waliowaandikia Waingereza historia yao, leo hata ramani haiwajui

Mlinzi wa Usiku (#1)
Wakuu, salaam. Nalinda ghala, usiku mrefu, simu ina bando, basi nasoma. Wiki hii nimezama Northumbria na kuna jambo linanikosesha raha.

Miaka ya 600 hawa jamaa ndio walikuwa vigogo wa kisiwa cha Britania. Nchi yao ilianzia mto Humber (jina lenyewe ni "watu wa kaskazini ya Humber") ikapanda mpaka huko Edinburgh, ambako leo ni mji mkuu wa Uskoti. Edwin, Oswald, Oswiu, wafalme watatu waliopokezana, mtawa Beda anawahesabu wa tano, wa sita na wa saba katika orodha ya waliowatawala wafalme wenzao. Huyo Beda naye ni wa huko huko, kamaliza historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Injili za Lindisfarne, kisiwa cha watawa, zile zenye kurasa utadhani ni zulia la Uajemi, ni kazi ya huko.

Halafu 793 Wavikingi wanashuka Lindisfarne, ufalme unaanguka, kwisha habari. Leo kimebaki kijimkoa kimoja, Northumberland, na hakuna anayejitambulisha kwako akasema yeye ni Mnorthumbria.

Dai langu: Wavikingi waliwafuta. Mwenye lingine alete, ila aje na mwaka.

Kisebusebu (#2)
Naweka kambi. Kahawa iko jikoni.

Nahodha Mstaafu (#3)
Mlinzi, umetaka mwaka, nami naanza na wako. 793 hakukuanguka ufalme wowote. Tarehe 8 Juni mwaka huo watawa waliuawa na madhabahu ikaporwa, hilo kweli, na kishindo chake kilifika mpaka kwa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, kwa sababu Alcuin wa York alikuwa anafanya kazi kwake akaandika barua za kulia. Lakini mwaka uliofuata washambuliaji waliporudi kwenye monasteri nyingine, kiongozi wao aliuawa, merikebu zikavunjwa na dhoruba, na walioogelea wakasubiriwa mlangoni mwa mto wakamalizwa. Baada ya hapo ufalme ulikaa miaka 70 na ushee.

Jeshi kubwa la Wadani lilitua 865, York ikachukuliwa 866, na Machi 867 wafalme wawili wa Northumbria wakafa wakijaribu kuirudisha. Hapo ndipo pa kuanzia hesabu.

Mlinzi wa Usiku (#4)
Nimekubali, 867. Dai linabaki lile lile.

Fundi Saa (#5)
Ngoja kwanza. Nahodha kasema wafalme WAWILI. Mmeipita hiyo kama mtu anayepita msibani asiyemjua marehemu. Ufalme mmoja, wafalme wawili, kwa nini? Kwa sababu Osberht na Ælla walikuwa wanagombania kiti wakati jeshi la Wadani linaingia York. Wamepatana nyumba imeshaungua.

Na haikuwa mara ya kwanza. Karne yote ya 8 hapa ni kama daladala, mmoja anashuka mwingine anapanda. Oswulf aliuawa na watu wa nyumba yake mwenyewe, Æthelwold Moll akang'olewa 765, Alhred akafukuzwa 774. Æthelred akafukuzwa 779, akarudi 790, akauawa 796. Ælfwald aliuawa 788. Osbald alipata siku 27, naam, siku, si wiki. Wawili tu walioondoka kwa amani, Ceolwulf na Eadberht, waliacha kiti kwa hiari wakaingia utawani.

Wavikingi walikuta mti umeshaliwa na mchwa. Waliusukuma tu.

Kinyozi wa Temeke (#6)
Siku 27 ni makocha wa timu yangu hao.

Binti Pangani (#7)
Sisi kwa Wakatoliki ni Mtakatifu Beda Mheshimiwa, tarehe 25 Mei. Nilikuwa sijui hata ni wa wapi, nilidhani Mwitalia. Ahsante Mlinzi.

Nahodha Mstaafu (#8)
Fundi Saa, hoja ya mchwa naipenda lakini umechelewa miaka mia. Muulize Beda. Tarehe 20 Mei 685 mfalme Ecgfrith alilipeleka jeshi kaskazini kuwapiga Wapikti, watu wa Uskoti ya kale, marafiki zake wamemkataza, akaenda. Wapikti wakajifanya wanakimbia, wakamvuta mpaka kwenye mabonde ya milima, akafia huko na sehemu kubwa ya jeshi lake. Beda anasema tangu hapo matumaini na nguvu za ufalme vikaanza kupwa. Anatumia maneno ya kitu kinachochukuliwa na maji kurudi nyuma. Mimi nimekaa baharini miaka mingi, naelewa anachosema: maji yakianza kutoka huoni chochote kwa saa nzima, ukigeuka mashua imelala ubavu.

Na Beda alikuwa na umri wa kama miaka 12 siku hiyo. Aliyaona mwenyewe yaliyofuata.

Mbeba Mkoba wa Tyne (#9)
Wapendwa, nimeona uzi nikacheka peke yangu ndani ya basi. Nipo Newcastle mwaka wa tisa, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mnatafuta watu waliopotea, mimi nawaogesha kila asubuhi.

Mzee mmoja ninayemhudumia, akitaka kurudi nyumbani anasema "gan hyem". Nilipofika nilidhani meno ndiyo tatizo. "Gan" ni kwenda, Kiingereza cha kale kabisa cha hapa. "Hyem" ni nyumbani, na hilo linafanana na la Wadenmaki na Wanorwei. Mtoto ni "bairn". Mtu wa London akija hapa anaomba kurudiwa sentensi mara tatu, na mzee wangu anafurahi sana hilo likitokea. Kuhusu watu wa kusini ana maneno ambayo msimamizi wa uzi hatayaruhusu.

Kwa hiyo hawakwenda popote. Wamebadilisha jina tu.

Kinyozi wa Temeke (#10)
Newcastle na Sunderland wakicheza huwa naona ile chuki najiuliza imetoka wapi. Kumbe ndugu wa tumbo moja.

Mbeba Mkoba wa Tyne (#11)
Kinyozi usinichokoze. Ila pokea hii: monasteri ya Beda ilikuwa moja yenye makao mawili, Jarrow na Wearmouth. Wearmouth leo imo ndani ya Sunderland, kanisa la Mtakatifu Petro bado lipo, lilianzishwa 674, na uwanja wa Sunderland uko mtaa huo huo. Jarrow iko kwetu, kando ya mto Tyne. Hata Beda tumemgawana.

Mwalimu Chaki (#12)
Nimesoma yote kwa utulivu. Naomba niulize swali ambalo wote mmelikwepa: nani kawaambia palikuwa na kabila linaloitwa Wanorthumbria?

Palikuwa na nchi mbili. Kusini Deira, makao yake York. Kaskazini Bernicia, makao yake Bamburgh, ngome juu ya mwamba kando ya bahari. Nyumba mbili za kifalme zinazochinjana. Edwin ni wa Deira, Oswald na Oswiu ni wa Bernicia. Mlinzi kawaandika kama vile wamerithiana kama baba na mwana! Edwin alikaa miaka uhamishoni akiwindwa na Æthelfrith, baba yao Oswald na Oswiu. Huyo alipouawa vitani mwaka 616 na jeshi la Rædwald, mfalme aliyemhifadhi Edwin, watoto wakakimbilia kwa Wagaeli wa magharibi. Na Oswiu naye, baadaye, alimuua Oswine mfalme wa Deira mwaka 651.

Jina "watu wa kaskazini ya Humber" ni Beda aliyelitangaza. Kwenye hati ya mkutano wa maaskofu wa Hatfield, ambayo Beda mwenyewe kainukuu, Ecgfrith anaitwa mfalme wa watu wa Humber. Hakuna kaskazini hapo. Mtawa mmoja alikuwa na kalamu nzuri, akawapa watu jina, sisi leo tunalia msiba wa jina.

Kipkorir wa Bonde (#13)
Mwalimu shikamoo, lakini hapo nakupinga. Mimi ni Mkalenjin. Hilo jina "Kalenjin" lilianza kutumika kwa maana ya sisi sote miaka ya 1940, kabla ya hapo tulikuwa Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wengine. Mijikenda wa pwani vilevile. Sasa njoo uniambie mimi sipo kwa sababu jina langu ni jipya.

Watu huwa watu pale wanapoanza kufanya mambo pamoja. Mwaka 1065 watu wa York na wa Northumberland waliungana kumfukuza Tostig, mtawala waliyeletewa kutoka kusini. Waliua walinzi wake, wakachukua hazina yake, wakamchagua Morcar, wakashuka na jeshi mpaka Northampton kudai sheria zao za zamani zirudishwe. Mfalme akakubali. Kama Wavikingi waliwafuta 867, na kama hawakuwahi kuwepo kama unavyodai, ni akina nani hao walioshuka na mikuki?

Mwalimu Chaki (#14)
Marhaba. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi. Hilo haliwi kabila.

Kipkorir wa Bonde (#15)
Mwalimu, makabila mengine yamezaliwa na kodi.

Kisebusebu (#16)
😂😂 Nimemwaga kahawa.

Mama Samawati (#17)
Nimengoja mtu aseme William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza 1066, mpaka nimechoka. Mwisho wao ni majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070. Januari 1069 watu wa Durham walimuua Robert de Comines, mkuu aliyetumwa na William, pamoja na askari wake. Wakaasi tena mwaka huo huo, Wadani wakaja kuwasaidia. William akapanda kaskazini akachoma ghala, mifugo, majembe, mbegu. Aliyeponea moto alikufa kwa njaa. Kitabu cha hesabu za ardhi cha 1086 kinaonyesha vijiji chungu nzima vya Yorkshire vimeandikwa "tupu". Mtawa mwandishi wa historia, Orderic Vitalis, anasema walikufa zaidi ya 100,000.

Waliofuta ni Wanormani. Wavikingi walikuja kulima.

Fundi Saa (#18)
Mama, heshima yako, lakini Orderic alizaliwa 1075 na kuandika miaka mingi baadaye. Hiyo laki moja ni namba ya mtu anayelia. "Tupu" nayo wasomi wanabishana: wengine wanasema ni mahali ambapo karani hakupata taarifa za kodi.

Tena kitabu hicho hakikufika Northumberland wala Durham. Hawakuhesabiwa kabisa. Ukitaka kujua nani alikuwa hai huko 1086, karani wa William hana jibu.

Mama Samawati (#19)
Sawa, punguza nusu. Bado ni wangapi?

Mzaliwa wa Bukavu (#20)
Bandugu, mimi niko Leeds. Tena mnasema kana kwamba hao Wanorthumbria walikuta pori tupu. Hapa Leeds palikuwa ufalme wa Wabritoni, wenyeji wa kale wa kisiwa, jina lake Elmet. Edwin alimfukuza mfalme wao Ceretic. Mpaka leo kuna vijiji viwili karibu yetu, Barwick in Elmet na Sherburn in Elmet. Watu hawaulizi Elmet walienda wapi, kwani hawakuwa na Beda wao wa kuandika.

Mwanafunzi Asiyelipa Ada (#21)
Halafu mnasahau Mwafrika alitawala York! Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alifia York 211. Hao ndio Wanorthumbria wa kweli.

Nahodha Mstaafu (#22)
Alifia York, kweli, na alizaliwa Leptis Magna, kweli. Lakini Northumbria ilikuja miaka 400 baadaye. Ni kama kusema Vasco da Gama alipanda SGR.

Mwanafunzi Asiyelipa Ada (#23)
Nimejifunza. Natoka taratibu.

Binti Pangani (#24)
Usitoke, kaa. Naleta ya Cuthbert, nimeisoma leo mchana dukani wateja wakinisubiri.

Cuthbert, mtawa na askofu wa Lindisfarne, alikufa 687. Walipofukua miaka 11 baadaye wakasema mwili haujaoza. Mwaka 875, Wadani wakiwa karibu, watawa wakabeba jeneza wakaondoka kisiwani. Wakahangaika nalo miaka saba, wakatua Chester-le-Street 883, wakahama tena 995 na kuishia Durham. Yupo hapo hadi leo, na Beda naye yupo hapo, mifupa yake ilichukuliwa Jarrow karne ya 11 na mtu wa kanisa aliyekuwa na mkono mwepesi.

Sasa sikieni: watu wa nchi ya Durham wakaja kuitwa Haliwerfolc, yaani watu wa mtakatifu. Kwa hiyo jina halikufa, lilibadilishwa. Walipokosa mfalme wakajiita watu wa maiti.

Mwalimu Chaki (#25)
Hiyo ya Binti ndiyo bora zaidi kuliko zote hapa, na inaniunga mkono. Durham jina lao, York jina lao, Bamburgh jina lao. Kila kipande kilirudi kwake.

Mwenda Pole (#26)
Vipande, ndiyo, na kimoja mmekisahau kabisa. Edinburgh. Nchi ile ya Lothian, kati ya mto Tweed na hori la Forth, ilikuwa ya Northumbria. Baada ya vita vya Carham, kama 1018, ikabaki mikononi mwa wafalme wa Waskoti. Watu hawakuhama. Walibaki na lugha yao, Kiingereza cha Northumbria, na lugha hiyo ndiyo iliyozaa Kiskoti cha bonde. Mfalme wa Waskoti na baraza lake wakakiacha Kigaeli wakafuata lugha ya hao raia wao wapya.

Pale Ruthwell, ndani ya Uskoti, kuna msalaba wa jiwe wa karne ya 8 umechongwa shairi kwa herufi za runi, msalaba unasimulia wenyewe jinsi ulivyombeba Kristo. Shairi ni la Kinorthumbria.

Kwa hiyo Mskoti anayemtukana Mwingereza kwa lahaja yake anamtukana kwa lugha ya Oswald.

Mbeba Mkoba wa Tyne (#27)
Hii nitampelekea mzee kesho. Atakataa chai.

Nahodha Mstaafu (#28)
Na ongezeni: kati ya mistari ya Injili za Lindisfarne kuna tafsiri ndogondogo, aliiandika padri Aldred karne ya 10. Ndiyo Injili ya zamani kuliko zote kwa Kiingereza iliyobaki, na ni kwa Kiingereza cha kaskazini.

Mbeba Mkoba kagusa jambo pale #9. Majina ya vijiji yanayoishia na -by, kama Whitby, ya Kidani hayo, yamejaa Yorkshire. Vuka mto Tees kwenda kaskazini yanakuwa machache mno. Bamburgh walibaki mabwana wa Kiingereza kwao, Wadani hawakuwahi kuwaketisha. Mlinzi, Wavikingi wako walifuta nusu, labda.

Mlinzi wa Usiku (#29)
Nusu naichukua. Mpaka Eric Shoka-la-Damu alipouawa Stainmore 954, mfalme wa mwisho wa York alikuwa Mvikingi. Hilo hamjanijibu.

Mpenda Tamthilia (#30)
Na Ælla si ndiye aliyemtupa Ragnar, yule Mvikingi wa hadithi, kwenye shimo la nyoka, watoto wakaja wakampasua mgongo wakatoa mapafu kama mabawa ya tai?

Fundi Saa (#31)
Hiyo ni chai, tena ya maziwa. Taarifa ya zamani inasema tu wafalme wote wawili waliuawa York. Nyoka na mabawa vimeandikwa na watu wa Iceland karne nyingi baadaye. Tamthilia ilipata utamu wake, wewe ukapata hasara.

Mja wa Shangani (#32)
Assalaam aleikum. Mimi kilichonishika ni watumwa. Beda anasimulia kwamba Papa Gregori, kabla hajawa Papa, aliona vijana weupe wakiuzwa sokoni Roma, akauliza wa wapi, akajibiwa Deira. Yaani wa York hao. Akafanya mchezo wa maneno, Waangle na malaika, kwa Kilatini Angli na angeli.

Nimekulia jirani na mahali ambapo watalii wanaoneshwa soko la watumwa. Sikuwahi kusikia hata siku moja kwamba mtu wa York aliwahi kusimama kwenye soko kama hilo.

Mwalimu Chaki (#33)
Aleikum salaam. Beda mwenyewe anaisimulia kama mapokeo ya wazee. Na kitabu cha zamani kidogo kuliko chake, cha maisha ya Gregori, kilichoandikwa Whitby, kina kisa hicho bila kutaja kuuzwa.

Lakini usikate tamaa, kuna cha Imma. Askari wa Northumbria, 679, kaanguka kwenye vita vya mto Trent, kazinduka kati ya maiti. Akakamatwa na Wamercia, watu wa ufalme jirani wa kusini, akadanganya kwamba yeye ni mkulima masikini tu aliyeleta chakula. Wakamgundua kwa uso, mavazi na usemi. Hawakumuua kwa kuwa walishamwahidi, wakamuuza London kwa Mfrisia, mtu wa pwani ya Uholanzi ya leo. Beda anasema minyororo ilikuwa ikifunguka yenyewe kila ndugu yake padri, aliyedhani kafa, alipomwombea misa. Mnunuzi akachoka na minyororo, akamwacha aende kutafuta fidia.

Mja wa Shangani (#34)
Usemi ulimsaliti. Hilo la kweli kabisa.

Daktari wa Nzi (#35)
Naleta maabara. Utafiti wa vinasaba wa 2022 kwenye mifupa ya makaburi ya wakati huo, mashariki na kusini mwa Uingereza: kwa wastani 76% ya asili yao ilitoka ng'ambo, Ujerumani ya kaskazini, Uholanzi, Denmaki. Na Bamburgh penyewe, makaburi ya pale Bowl Hole, meno yalipopimwa ikaonekana wengi waliozikwa hawakukulia pale. Makao makuu ya Wanorthumbria yamejaa wageni.

Mzaliwa wa Bukavu (#36)
Si ndiyo vile nilisema? Elmet.

Daktari wa Nzi (#37)
Hapana, ndugu. Nimesema wageni walikuja. Sijasema wenyeji waliisha.

Fundi Saa (#38)
Kuhusu majina kufutwa, hii ndiyo ya kushika kwa mkono. Abati Ceolfrith wa Wearmouth na Jarrow alitengeneza Biblia tatu kubwa kwa Kilatini, ngozi za ndama kwa mamia. Mwaka 716, mzee sana, akaondoka na moja kumpelekea Papa, akafia njiani, Langres. Biblia ikaendelea. Leo iko Florence na kwa karne nyingi walidhani ni kazi ya Kiitalia, kwa sababu kwenye ukurasa wa wakfu mtu alikwangua "Ceolfrith wa Waangle" akaandika "Petro wa Walombardi". Karne ya 19 ndipo msomi mmoja akagundua yaliyokwanguliwa.

Mama Samawati (#39)
Aliyekwangua naye ana dini yake.

Mbeba Mkoba wa Tyne (#40)
Nilienda Lindisfarne mwaka juzi. Kuna barabara inayopita juu ya mchanga, mara mbili kwa siku bahari inaifunika. Jedwali la saa limebandikwa mwanzoni kabisa. Sikulisoma. Nimemaliza kupiga picha, nageuka, barabara haipo! Nikakaa mpaka usiku, maduka yamefungwa, chakula changu chote ni biskuti tatu. Kando ya barabara kuna kibanda juu ya miguu mirefu cha kukimbilia wanaonaswa katikati. Angalau sikufikia huko.

Mja wa Shangani (#41)
Mswahili unazidiwa na maji kujaa?

Mbeba Mkoba wa Tyne (#42)
Mimi wa Songea. Bahari nimeiona ukubwani.

Nahodha Mstaafu (#43)
Wavikingi nao walisoma jedwali, kumbe.

Mlinzi wa Usiku (#44)
Mwenzangu wa zamu kafika. Mpaka sasa nina Wavikingi, wafalme wa siku 27, Wapikti, William, maiti ya Cuthbert na Mwalimu anayesema hakuna aliyekufa kwa sababu hakuna aliyezaliwa. Kipkorir, hiyo ya 1065 nairudia jioni, nahisi hujasema kwamba Tostig alirudi mwaka uliofuata na mfalme wa Norwei.

Kipkorir wa Bonde (#45)
Alirudi, akafia Stamford Bridge 25 Septemba. Lala kwanza.